Mguu Huokolewa Njiani

Ufundi wa kushona ateri una umri mkubwa kuliko mji wa machimbo wa Kolwezi, nchini Kongo. Mwaka 1896 daktari John B. Murphy wa Chicago aliunganisha ateri ya paja ya mtu aliyepigwa risasi, na mguu ukabaki. Mwaka 1902 Alexis Carrel, akiwa Lyon, alichapisha njia ya kuunga mishipa ya damu kwa sindano nyembamba na nyuzi tatu za kushikilia kingo. Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel, na misingi ya njia hiyo inafundishwa hadi leo. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937. Kwa hiyo hakujawahi kuwa na siku ambayo mtu alipondwa mguu katika machimbo ya kampuni hiyo huko Kolwezi na dunia ikawa haijui namna ya kumrudishia damu. Lakini kwa nusu karne nzima baada ya Murphy miguu iliendelea kukatwa, Ulaya na Marekani kama Katanga. Sababu yake ndiyo kiini cha historia hii. Nionavyo mimi, hatima ya mguu huamuliwa zaidi na muda unaopita kabla damu haijarudi, na mpasuaji hupokea tu kile ambacho njia imemwachia.

Ushahidi mzito ulitoka vitani. Mwaka 1946 Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walichapisha hesabu ya majeraha 2,471 ya ateri ya askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Katika yote hayo ni 81 tu yaliyoshonwa. Katika mengi yaliyobaki mshipa ulifungwa uzi ili mtu asife kwa kutoka damu, kisha mguu au mkono ukaachiwa bahati. Takriban majeruhi wanne kati ya kumi walikatwa kiungo. Waandishi hao walieleza wazi kwamba kwa wastani majeruhi alimfikia mpasuaji baada ya saa zaidi ya kumi, na kwamba katika hali hiyo kufunga mshipa uzi kulikuwa lazima, si chaguo. Miaka mitatu baadaye Miller na Welch walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba damu ikirudi ndani ya saa sita, miguu tisa kati ya kumi hupona, na ikichelewa hadi saa kumi na mbili au kumi na nane, hupona nusu tu. Ndipo ikaja Korea. Helikopta zilibeba majeruhi hadi hospitali za mahema zilizosogezwa karibu na mapigano, na wapasuaji vijana wakaruhusiwa kushona. Ripoti ya Carl Hughes ya mwaka 1958 ilihesabu majeraha 304, kati yake 269 yakiwa yameshonwa, na waliokatwa viungo wakashuka hadi asilimia 13 hivi.

Msomaji makini atauliza kama huo si ushindi wa penisilini na damu ya kuongezwa. Vilisaidia sana, hasa kwa kuwa mgonjwa aliye hai ndiye anayeweza kushonwa. Ila vyote viwili vilikuwapo katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili, na bado miguu ilikatwa. Pingamizi gumu zaidi linatoka Vietnam. Huko helikopta zilikuwa nyingi zaidi na majeruhi wengi walifika hospitali ndani ya saa moja au mbili, lakini hesabu ya Norman Rich na wenzake ya majeraha 1,000, iliyotoka mwaka 1970, ilikuta viungo vilivyokatwa bado ni takriban asilimia 13. Kama muda ndio kila kitu, mbona namba haikushuka? Jibu ni kwamba majeruhi wenyewe walikuwa wamebadilika. Risasi za kasi kubwa na mabomu ya ardhini yalisaga mfupa na nyama pamoja na mshipa, na watu ambao Korea wangefia shambani sasa walifika hospitali wakiwa hai, na miguu iliyoharibika vibaya. Muda uliookolewa uliliwa na ukubwa wa majeraha. Hilo lapaswa kuufikirisha mkoa wa Lualaba, ulimo Kolwezi, kwa sababu udongo unaoporomoka shimoni na lori linalogonga pikipiki huponda mguu wote.

Nyuma ya goti ndipo penye ubishi mkubwa. Hapo ateri imeshikwa juu na chini kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Goti likiteguka, mshipa hauna pa kukwepea, nao huvutika hadi utando wake wa ndani upasuke hata kama ngozi haina mkwaruzo. Njia za pembeni za damu ni hafifu. Mshipa huu ulipofungwa uzi katika Vita Kuu ya Pili, zaidi ya saba kati ya kumi walikatwa mguu. Vietnam, pamoja na kushona, walikuwa bado karibu watatu kati ya kumi. Katheta yenye puto ya Thomas Fogarty, iliyotangazwa mwaka 1963, iliwezesha kutoa damu iliyoganda mbali na jeraha, na madaktari wakajifunza kupasua utando unaobana misuli ya muundi kabla uvimbe haujaiua. Goti lililoteguka kisha likarudi lenyewe mahali pake, likaitwa mteguko wa kawaida na mtu akapelekwa nyumbani, ndilo mtego mkubwa. Kidole juu ya mgongo wa unyayo kutafuta mapigo, mguu mmoja ukilinganishwa na mwingine, ni kipimo kisichohitaji umeme.

Kolwezi wa kampuni ulikuwa na faida moja kwa mguu wa namna hiyo: ukaribu. Union Minière, na baada ya kutaifishwa Gécamines, walikuwa na hospitali na zahanati zao karibu na machimbo. Hazikujengwa kwa huruma, maana mfanyakazi mgonjwa hachimbi. Ila umbali kutoka shimoni hadi kwa daktari ulikuwa mfupi. Mei 1978, waasi wa FNLC walipoingia Kolwezi na askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji wakafuata, ilionekana pia kwamba ndege zinaweza kuwaondoa watu mjini kwa muda mfupi: Wazungu zaidi ya 2,000 walihamishwa, na Wakongo mamia waliouawa wakabaki kuzikwa. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990. Gécamines iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 ikabaki na karibu 30,000 mwaka 1994, na hospitali zake zikadhoofika pamoja nayo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa hiari. Wachimbaji wa mikono, creuseurs, wakajaza mashimo bila zahanati ya zamu wala gari la wagonjwa. Juni 2019, machimbo ya Kamoto Copper Company yalipoporomokea watu waliokuwa wakichimba humo, takriban 40 walikufa.

Wapo wanaosema kwamba mahali kama hapa uaminifu ni kukata mguu mapema na kumwachia mtu maisha yake. Wana hoja. Mguu ambao misuli yake imekwisha kufa ukirudishiwa damu humwaga sumu inayoweza kuua figo na kusimamisha moyo, huo ukatwe. Wanaweza pia kutaja utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 juu ya watu 569 wenye majeraha mabaya ya miguu: baada ya miaka miwili, waliokatwa na waliookolewa miguu walikuwa karibu sawa kiafya, na katika kila kundi ni nusu tu hivi waliorudi kazini. Lakini waliokatwa walikuwa na miguu bandia, mafundi wa kuirekebisha na barabara za lami. Mtu anayeishi kwa kushuka shimoni, au kwa kulima baada ya kuacha shimo, hana mlingano huo.

Wengine watasema wapasuaji wa mishipa hawapo. Kweli ni wachache, na Lubumbashi iko karibu kilomita 300, kwa barabara inayopitwa na malori ya kobalti. Ndiyo maana muda lazima ununuliwe hapa hapa. Mpasuaji wa kawaida anaweza kupachika mrija wa plastiki kati ya ncha mbili za ateri iliyokatika, damu ikapita wakati mgonjwa yuko njiani; anaweza pia kupasua utando wa muundi. Na kabla ya mpasuaji kuna mwenzake majeruhi wa shimoni, anayeweza kumfunga mkanda wa kuzuia damu. Katika hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad mwaka 2006, tisa kati ya kumi waliofungwa mkanda huo kabla ya kuingia katika mshtuko wa upungufu wa damu walipona. Waliofungwa baadaye, alipona mmoja kati ya kumi. Mkanda usizidi saa mbili, na saa ya kuufunga iandikwe.

Kampuni za migodi na vyama vya ushirika vya wachimbaji vinavyouza madini ya Lualaba vinaweza kugharimia mikanda hiyo, mafunzo ya siku chache na gari moja la wagonjwa kwa kila eneo la kuchimba. Serikali ya mkoa ividai hayo kabla ya kutoa kibali kingine, na kila hospitali, kuanzia ile ya Mwangeji mjini Kolwezi, iandike kwenye faili la kila mguu uliojeruhiwa saa ya ajali na saa damu iliporudi.