Mbu: namna anavyomtafuta binadamu

Anayeuma ni mbu jike peke yake, kwani anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Anofelesi, anayeeneza malaria, huwinda usiku, na Kigoma anajulikana vizuri mno: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huo ukiongoza Tanzania Bara kwa malaria ya watoto wadogo, takriban asilimia 24.

Pua huanza kazi. Pumzi tunayoitoa ina kabonidioksidi, na mbu huinusa akiwa mbali, makumi ya mita, kisha huufuata mkondo wake dhidi ya upepo. Akikaribia, harufu ya ngozi humwongoza: asidi ya laktiki, amonia na asidi nyingine zitokanazo na jasho na bakteria wa mwilini. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walichanganya kemikali hizo, na vibanda vyenye mchanganyiko huo vikavuta mbu wengi kuliko vibanda walimolala watu. Lakini chambo na mtu vilipowekwa pamoja katika kibanda kimoja, mtu hakuzidiwa. Huenda joto na unyevu wa mwili ndivyo vilivyoamua.

Macho nayo yana sehemu yake. Aedesi, anayeuma mchana na kueneza dengi, akishanusa kabonidioksidi hukimbilia vitu vyeusi, vyekundu na vya rangi ya chungwa. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, hurudisha mwanga mwekundu.

Chandarua chenye dawa hutumia harufu hiyohiyo ya aliyelala kumvutia mbu kwenye sumu. Kwa hiyo kukigeuza wavu wa dagaa ziwani Tanganyika ni hasara kubwa kwa nyumba nzima.