Blade Runner katika Kanda ya Video: Toleo Lipi Ndilo Matini?

Mwanafunzi wa fasihi anapoandika kuwa amehakiki filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, sisi walimu wake hatuna budi kumwuliza: ni ipi? Filamu hiyo ya kubuni ya kisayansi, iliyoongozwa na Ridley Scott, ina matoleo yasiyopungua matano, na historia ya matoleo hayo haitenganishiki na historia ya kanda ya video. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi video ya nyumbani ilivyoipa filamu hiyo maisha ya pili, na jinsi ilivyoibua tatizo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu vyema.

Chimbuko la filamu ni riwaya ya Philip K. Dick iliyochapishwa mwaka 1968. Mwandishi huyo alifariki Machi 1982, kabla filamu haijaanza kuonyeshwa rasmi. Mandhari yake ni jiji la Los Angeles, Novemba 2019, wakati ambao kwa watazamaji wa kwanza ulikuwa mbali sana na ambao kwetu umekwisha kupita. Deckard, anayeigizwa na Harrison Ford, anapewa kazi ya kuwasaka na kuwaua viumbe waliotengenezwa kwa mfano wa binadamu, waliotoroka utumwani. Kadiri anavyowasaka, ndivyo mpaka baina ya mtu na kiumbe wa kutengenezwa unavyofifia.

Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio huko Denver na Dallas, Machi 1982, haikupokewa vizuri. Ndipo yakafanyika mabadiliko mawili makubwa. La kwanza, Deckard alipewa sauti ya usimulizi ili kumfafanulia mtazamaji mambo. La pili, kiliongezwa kimalizio cha furaha ambapo yeye na Rachael wanaliacha jiji. Baadhi ya picha zake za angani ni mabaki ya zile zilizopigwa kwa ajili ya The Shining ya Stanley Kubrick. Hata hivyo, filamu ilipotoka tarehe 25 Juni 1982 ilikuta watu wamefurika kutazama E.T., iliyokuwa imetangulia kwa wiki mbili. Mapato yake nchini Marekani hayakufikia matarajio.

Miaka michache iliyopita kabla ya hapo, jambo kama hilo lingekuwa ndio mwisho wa filamu. Lakini deki za Betamax zilikuwa zimeingia sokoni mwaka 1975, na za VHS mwaka 1976. Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili kukitazama baadaye hakukiuki hakimiliki. Mtazamaji akapata uwezo ambao awali ulikuwa wa msomaji wa kitabu peke yake: kusimama, kurudi nyuma, kulinganisha. Blade Runner, iliyojaa maandishi ya ukutani, mvua na nyuso za kupita, ilifaa sana kwa utazamaji wa namna hiyo. Tena kanda zilizouzwa Marekani zilibeba toleo la kimataifa, lenye matukio makali ambayo hayakuwamo katika toleo la majumba ya sinema ya nchi hiyo. Mwaka 1987 kampuni ya Criterion ilitoa toleo hilo kwenye sahani za leza, picha ikiwa na upana wake kamili.

Mwaka 1990 nakala ya awali, iliyokuwa karibu haina usimulizi wala kimalizio cha furaha, ilionyeshwa Los Angeles na kuwavutia watazamaji wengi. Mwaka 1992 likatoka toleo lililoitwa la mwongozaji, na mwaka 2007 toleo ambalo Scott mwenyewe alilisimamia kikamilifu. Mkusanyiko wa DVD wa mwaka huo uliyaweka pamoja matoleo matano.

Je, tofauti hizo zina uzito gani kwa mwalimu wa lugha? Tuchukue onyesho moja. Deckard anakula kwenye kibanda cha mtaani. Polisi aitwaye Gaff anamjia akizungumza lugha ya mitaani iliyochanganya lugha kadhaa, na mwenye kibanda anatafsiri. Katika toleo lenye usimulizi, Deckard anatuambia kuwa lugha ile anaijua, ila hakutaka kumrahisishia Gaff kazi. Usimulizi unapoondolewa, tunabaki na mtu anayehitaji mkalimani katika jiji lake mwenyewe. Picha ni zilezile, ila uhusiano wa mhusika na lugha ya mji wake umegeuka. Mwanafunzi akiandika kuhusu lugha na mamlaka katika filamu hii bila kutaja toleo, hoja yake haiwezi kukaguliwa.

Tatizo hili si geni kwetu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia kupitia miswada na wahariri mbalimbali, na matoleo yake hayalingani. Hakuna mhadhiri makini anayeifundisha bila kutaja anatumia la nani. Filamu inastahili nidhamu hiyohiyo.

Lipo pia suala la hifadhi. Sony ilikoma kuuza kanda za Betamax Machi 2016, na Julai mwaka huohuo kampuni ya Funai ikaacha kuunda deki za VHS. Blade Runner ina wenye mali wa kuitunza. Maonyesho ya tamthilia na mahojiano na malenga yaliyorekodiwa kwenye kanda hizohizo hayana mtetezi wa aina hiyo. Idara yoyote yenye kanda za namna hiyo kabatini inapaswa kuzihamishia kwenye kompyuta wakati deki inayofanya kazi bado inapatikana, na kuandika kwa kila moja ni onyesho gani, la lini, na limekatwa wapi.