Kila Nyumba Ina Riba Yake

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo niliisikia kwanza kwa bibi yangu, nikiwa mtoto nisiyejua kukopa wala kulipa. Nimeikumbuka tena mwaka huu, Jumapili moja jioni, binti yangu alipokuja na mumewe wakaweka juu ya meza yangu bahasha yenye karatasi za benki. Walikuwa wameona nyumba upande wa Kigamboni: vyumba vitatu, ukuta, kisima, bei shilingi milioni 100. Wao wana milioni 20. Benki iko tayari kuwapa milioni 80, walipe kwa miaka 15, riba asilimia 16 kwa mwaka.

"Baba," akaniambia, "tunataka utuambie. Tuchukue au tuache?"

Sikumjibu siku ile. Niliwaomba waniachie karatasi wiki moja. Jambo hili la mkopo wa nyumba limepita katika ukoo wetu vizazi vitatu, na kila kizazi kilikutana nalo kwa sura nyingine. Nikaona si haki kumjibu mwanangu kabla sijaitazama safari yote.

Babu zetu waliohamia Dar es Salaam hawakukopa benki. Walijenga nyumba tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa vyumba viwili na vingine akapangisha, na kodi ya wapangaji ndiyo iliyoezeka bati kipande kwa kipande. Hata kama wangetaka kukopa, sheria ya kikoloni ya mwaka 1931 ilizuia asiye Mwafrika kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali iliyoandikwa. Ilisemwa ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Huenda ilimlinda, lakini mlango ukafungwa kwa pande zote mbili, kwani hakuna akopeshaye asipoweza kudai.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa, ukageuzwa kuwa wa kukodishwa na Serikali kwa miaka 99. Mwezi wa Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi tulishangilia, maana kodi zilikuwa zikituumiza. Lakini tangu siku ile mtu mwenye fedha zake alifikiri mara mbili kabla ya kujenga nyumba ya kupangisha. Kazi ya kuwapatia watu nyumba ikabaki mikononi mwa Serikali, na kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 1972 ikaanzisha Benki ya Nyumba Tanzania.

Hapo ndipo marehemu baba yangu anapoingia katika hadithi. Alikuwa karani, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Miaka hiyo ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, wananchi wajijengee wenyewe. Baba akapata kiwanja Sinza, na mwaka 1978 akapata mkopo wa nyumba wa shilingi 20,000, sehemu yake kwa vifaa: saruji, mabati, nondo. Makato kama shilingi 200 kwa mwezi, miaka 15. Nilikuwa na miaka 10. Nakumbuka mama akilia jioni ile, akisema tumejifunga kamba shingoni. Shilingi 200 zilikuwa fedha. Dola moja ya Kimarekani ilikuwa karibu shilingi 8.

Mama hakuwa na haja ya kulia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja, bei ya mafuta ikapanda, na maduka yakawa matupu. Sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka, na riba ya mikopo ya nyumba ilikuwa chini mno ya kasi hiyo. Ilipofika mwaka 1990 dola moja ilikuwa karibu shilingi 200. Makato yale yaliyomliza mama yalikuwa hayanunui hata mfuko mmoja wa saruji. Baba aliendelea kukatwa hadi mwisho, kwa uaminifu wake wa kikarani, na siku moja akacheka mezani akasema, "Nyumba hii nimeilipa kwa karanga."

Sisi watoto tulicheka naye. Miaka mingi ilipita kabla sijauliza: kama baba alilipa karanga, nyumba ililipwa na nani?

Ililipwa na benki, yaani na wote walioweka akiba yao humo. Benki iliyokopesha shilingi nzima ilirudishiwa makombo ya shilingi, na kwa wakopaji wengine hata makombo hayakurudi. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ilianguka ikafungwa. Katika nchi ambayo mji wake mkuu wa biashara ulikuwa ukifurika watu kila mwaka, hapakubaki benki hata moja ambayo kazi yake ilikuwa kumkopesha mfanyakazi wa kawaida ajenge. Kizazi cha baba kilipata nyumba kwa bei ya karanga, na kizazi changu kikakuta mlango umefungwa. Silaumu wazee wetu, kwani hawakupanga wao bei zipande. Nasema tu kwamba riba ya nyumba ya Sinza ilikuwepo, ila jina lililoandikwa kwenye bili lilikuwa langu.

Nami nikajenga kama walivyojenga wenzangu wote, tofali kwa tofali. Mwaka 1998 nilinunua kiwanja nje kidogo ya mji. Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa mkono, mashahidi wanne wakatia saini, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri. Hati ya kupimwa haikuwepo, na bila hati hakuna dhamana ambayo benki ingeitazama. Hata ilipofika miaka ya 2000 na tukaanza kupewa leseni za makazi, benki nyingi ziliziona ni karatasi nyepesi.

Kila nilichopata nilikigeuza tofali. Mwaka wa kwanza msingi. Mwaka wa tatu kuta zilifika kwenye linta zikakaa hapo miaka minne, zikaota majani juu kama makaburi ya kale. Nilipoteza mifuko 11 ya saruji iliyoganda kwa mvua, na nondo za linta zikaibwa usiku. Kila bei ya bati niliyoiwekea akiba, nilipofika dukani niliikuta imepanda. Tulipaua mwaka 2009, tukahamia mwaka 2013. Miaka 15, sawasawa na mkopo wa baba. Sikudaiwa na mtu hata senti, na niliwaambia watu hivyo kwa majivuno.

Wakati huohuo mlango ulikuwa umeanza kufunguliwa tena. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa rehani, na mwaka 2008 zikatungwa sheria mbili: moja ya mikopo ya nyumba, na nyingine iliyowezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani ghorofa moja au fleti moja, kwa hati yake mwenyewe. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu, kwani benki inayotegemea amana za miezi mitatu haiwezi kumkopesha mtu kwa miaka 20 bila kujitia hatarini. Hata hivyo mikopo yote ya nyumba nchini mwetu haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Wengi wetu bado tuko kwenye tofali.

Wiki ile ya karatasi nilikaa na kalamu kama baba yangu. Milioni 80 kwa asilimia 16, miaka 15, rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 1,175,000. Jumla yake ni zaidi ya milioni 211. Katika rejesho la mwezi wa kwanza, shilingi 1,066,000 na ushei ni riba, na kama 108,000 tu ndizo zinazopunguza deni lenyewe. Baada ya miaka mitano watakuwa wamelipa milioni 70 na nusu, na deni litakuwa bado milioni 70. Nilirudia hesabu mara tatu, nikidhani nimekosea.

Kisha nikapiga hesabu ya miaka 10. Rejesho linapanda kuwa kama shilingi 1,340,000, yaani nyongeza ya 165,000 kwa mwezi, na jumla inashuka hadi kama milioni 161. Kwa kujibana shilingi 165,000 wanaokoa milioni 50. Hakuna tofali hapa duniani lenye faida ya namna hiyo.

Jambo jingine nililolitazama ni sentensi ndogo katika ukurasa wa tano, kwamba riba yaweza kubadilishwa. Hapo nikawakumbuka jirani zetu wa Kenya. Kwao mikopo ya nyumba haikukatika kama kwetu, lakini mwaka 1993 serikali yao ilikopa kwa hati za muda mfupi zenye riba iliyopita asilimia 70, na riba za benki zikapanda nazo. Mwenye mkopo wa riba inayobadilika alilala akidaiwa kiasi, akaamka akidaiwa kingine. Hatimaye sheria yao iliyorekebishwa mwaka 2006 iliweka mpaka: mkopo ukishindwa kulipwa, riba inayodaiwa isizidi mtaji uliokuwa ukidaiwa siku uliposhindikana. Kwetu mfumko wa bei uliila benki. Kule riba ilimla mkopaji. Mwenye kukopa leo lazima aulize, upepo ukigeuka, ni nani kati yetu atakayeliwa?

Wapo pia ndugu zetu ambao imani yao haikubali riba. Kwao ipo njia ya benki kununua nyumba na kuwauzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, isiyopanda baadaye. Nao wapige hesabu ya jumla, maana faida hiyo pia ni fedha inayotoka mfukoni.

Jumapili iliyofuata walirudi. Niliwasomea hesabu, na nikafikia pale nilipotaka kufika tangu mwanzo: kwamba mimi nilijenga bila kudaiwa, na wao waweza. Kiwanja cha bei nafuu, subira kidogo, haba na haba hujaza kibaba.

Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, kama anayeogopa kuvunja kikombe, "Baba, ile nyumba mliijenga kwa ajili yangu. Lakini mlihamia mwaka niliokwenda chuo. Mimi nimekulia nyumba za kupanga sita. Shule nilihama mara nne."

Mama yake aliinuka akaenda jikoni.

Sikuwa nimelipiga hesabu hilo. Nilikuwa nimeandika saruji, nondo, ufundi, hata nauli za kwenda kiwanjani. Kodi za miaka 15 sikuziandika popote, wala zile jioni ambazo mwanangu alikuwa akifunga madaftari yake kwenye maboksi kwa sababu baba mwenye nyumba anamtaka mwanawe aingie. Nilijisifu kwamba sikulipa riba. Riba niliilipa, nayo ilikatwa kwenye utoto wake.

Basi nikakiweka kibaba changu chini, tukaanza upya, sote wanne. Tulikubaliana mambo manne. Nyumba ya milioni 100 waiache, watafute ndogo ili mkopo ushuke. Walipe kwa miaka 10, wasivutwe na wepesi wa 15. Rejesho lisizidi theluthi moja ya mishahara yao miwili, na wapige hesabu kana kwamba riba imepanda kwa asilimia 4, waone kama watapumua. Na kabla ya yote, hati ikachunguzwe ofisi ya ardhi, isiwe imewekwa rehani na mwingine. Nikamkumbusha mkwe wangu kwamba tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Saini ya mke katika karatasi zile si pambo, naye asome kila ukurasa kama mumewe.

Hadi leo ninapoandika bado wanatafuta. Wameona moja huko Chanika, vyumba viwili, na mthamini anakwenda juma lijalo. Huenda wakakopa, huenda wasikope. Nikiulizwa na msomaji kama mimi, siwezi tena kujibu kwa neno moja. Nitamwambia tu kwamba nyumba isiyo na riba sijaiona. Ya baba ilinijia mimi, yangu ilimwangukia mwanangu. Itakuwa vema iwapo ya mwanangu itaandikwa wazi kwenye karatasi, kwa tarakimu, na ikalipwa na wale wanaolala ndani yake.