Mzigo wa Bure

Hapa Kericho tunaijua historia ya miguu. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut alishika nafasi ya tatu mbio za mita 800 kule Tokyo, akailetea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Miguu ya Kogo wangu haina medali. Asubuhi ilimpeleka kwenye chai, kikapu mgongoni. Jioni ilimrudisha na kuni, kamba ikipita kichwani.

Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, nilianza kusoma vitu visivyo na mtihani. Ndo nikakutana na utafiti wa 1986. Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo Richard Taylor wa Harvard, waliwatembeza wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba kwa kamba kama Kogo, huku wakipima oksijeni wanayotumia. Hadi mzigo ufike asilimia 20 ya uzito wa mwili, oksijeni haikuongezeka. Yaani mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12 bure!

Inawezekanaje? Ukitembea, mwili wako ni kama pendulamu iliyopinduliwa. Unapanda juu ya mguu uliokanyaga, kasi inapungua. Unashuka, kasi inarudi. Katikati kuna nishati inayopotea, na misuli ndiyo inayoilipa. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walionyesha kwamba wanawake waliozoea kubeba kichwani, wakipata mzigo, huokoa nishati nyingi zaidi katika kila hatua. Kumbe kutembea kwao ni ufundi, na ufundi huo huanza utotoni.

Lakini soma hadi mwisho. Ukipita asilimia 20, gharama inaanza kupanda. Na chai hulipwa kwa kilo, kwa hivyo nani angesimamisha kikapu hapo? Tena vipimo vile vilikuwa vya pumzi. Magoti hayakupimwa, wala miaka 30 ya mteremko wenye utelezi.

Jioni moja nilimweleza Kogo haya yote, nikitafsiri polepole kwa Kikipsigis. Alisikiliza, akacheka kidogo, akanyoosha mguu wake uliovimba.

“Kijana wangu,” akasema, “kama ilikuwa bure, mbona mimi bado nalipa?”