Steven Kanumba, nyota wa filme za Kiswahili

Steven Charles Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984, Shinyanga, kaskazini mwa Tanzania. Akiwa kijana, aliingia kundi la Kaole Sanaa, Dar es Salaam, lenye michezo yake ilikuwa inapita ku televisheni. Toka pale akaingia kwenye filme.

Hakubakia na sura moja. Leo anacheza muchumba mwenye kuumizwa, kesho mutu mubaya, na katika Uncle JJ ni mujomba wa kuchekesha. Yeye mwenyewe pia alikuwa anaandika hadisi na kuongoza. Alicheza pia na Wanigeria: Mercy Johnson katika Dar to Lagos, Ramsey Nouah katika Devil Kingdom.

Kwetu Goma, filme zake hazikuomba mutu wa kutafsiri. Mama wa soko na mutoto wa shule, wote walisikia maneno moja kwa moja.

Alikufa tarehe 7 Aprili 2012 nyumbani kwake Sinza, na miaka 28 tu, kisha ya ugomvi na mwigizaji Elizabeth Michael, ao Lulu. Maelfu ya watu walimuaga, akazikwa Kinondoni. Mwaka 2017, Mahakama Kuu ilimuhukumu Lulu miaka 2 kwa kuua bila kukusudia.

Wapenzi wengi wa filme wanasema Bongo Movie haijapata tena nguvu ile. Lakini njia aliyofungua ingali: hadisi ya Kiswahili inaweza kuvuka mipaka bila kubadilisha luga.