Kabla hujaishusha pikapu kuukuu

Juzi baada ya swala ya Isha mpwa wangu alinijia na ombi: nimruhusu aishushe Hilux aliyotuachia marehemu baba. Ni ile ya zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na hadi leo inatubebea saruji. Vijana wa Mombasa wanapenda gari lilalie lami, na siwalaumu. Pikapu iliyoshushwa vizuri hupendeza, tena hutulia kwenye kona kwa kuwa uzito wake uko chini. Iliyoshushwa vibaya huua. Na kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza, nimeona niandike.

Tuanze nyuma. Pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina springi za majani, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Njia ya kawaida ni kuweka bloku ya chuma baina ya springi na ekseli. Hapa wengi hukosea. Bloku hushusha gari pale tu springi inapopita chini ya ekseli, kama kwenye Hilux yetu. Springi ikikaa juu ya ekseli, bloku ile ile huliinua! Basi ingia uvunguni utazame mwenyewe kabla ya kununua chochote. Bloku ya inchi 2 hushusha inchi 2, nayo inataka yubolti ndefu zaidi na mpya. Huku kwetu chumvi ya bahari hula nyuzi za bolti polepole, za zamani usizitegemee.

Wapo mafundi wanaotoa jani moja au mawili. Ni rahisi, ila nguvu ya kubeba imekwenda. Pakia mifuko 15 ya saruji, yaani kilo 750, usikie ekseli inavyogonga chesisi. Kwa gari la kazi siikubali. Hata bloku hupunguza nafasi iliyopo kati ya ekseli na ule mpira unaoizuia isigonge, ndiyo maana mimi sivuki inchi 2.

Mbele, Hilux hizi hazina koili. Zina tosheni-baa, fito mbili za chuma zinazojipinda, kila moja na bolti yake ya kurekebishia. Ukilegeza, mbele hushuka. Pima kwanza kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Legeza kidogo kidogo gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake, kisha literemshe, litembeze kidogo, upime tena. Magurudumu yatainamia ndani kwa juu, na bila alaimenti tairi zitalika upande mmoja. Wenye gari la koili nao wasikubali fundi azichome moto ili zilale. Chuma kilichochomwa hivyo hupoteza ugumu wake.

Sasa jambo ambalo halitajwi gereji. Hilux nyingi za aina hii zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Kazi yake ni kupima mzigo: mkia ukilala, vali huona gari limepakia na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukishusha gari bila kurekebisha kijiti, vali hudanganyika. Nimewahi kupanda pikapu ya rafiki iliyoshushwa hivyo, tupu, wakati wa masika. Alipokanyaga breki magurudumu ya nyuma yalikwama na mkia ukataka kututangulia. Alhamdulillahi barabara ilikuwa nyeupe.

Shokomzoba ziwe fupi kulingana na kimo kipya, maana ndefu hugota mwisho na kuharibika. Mwenye bima mwambie mapema, na ukumbuke kwamba pikapu ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka.

Mpwa wangu nimemkubalia inchi 2, majani yote yabaki. Jumamosi inshallah tutaingia uvunguni pamoja. Saruji haitapanda mpaka tuzijaribu breki gari likiwa tupu, mahali pasipo na watu, na yubolti tutazikaza tena baada ya safari chache za mwanzo.