Karamu ya Familia Wakati wa Ugonjwa wa Kuenea

 

Desemba ikifika, mabasi ya kutoka Nairobi huwashusha watoto na wajukuu wetu Oyugis, Rongo na Awendo. Kuku hukamatwa, sufuria kubwa huazimwa kwa jirani, na nyumba hujaa. Hilo ni jambo jema. Lakini ugonjwa ukiwa unaenea nchini, mama mwenye boma afanye nini? Leo tutatafuta jibu katika historia yetu wenyewe, kwa maana magonjwa mawili yamekwisha kutufundisha.

Ugonjwa wa kwanza: kipindupindu

Wimbi la kipindupindu linaloisumbua dunia hadi leo lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Kenya mwaka 1971. Kwetu Nyanza, kipindi kigumu sana kilikuwa Juni 1997 hadi Machi 1998. Katika miezi hiyo hospitali za mkoa zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na 547 kati yao wakafariki. Hao ni karibu watu 4 katika kila wagonjwa 100. Wagonjwa wakitibiwa mapema na vizuri, hafi hata 1 katika 100.

Watafiti waliwahoji wagonjwa pamoja na watu wengine ambao hawakuugua kipindupindu, ili wajue tofauti yao. Mambo matatu yalijitokeza: kunywa maji ya ziwa au ya mto, kula pamoja na mtu anayeharisha, na kuhudhuria karamu ya matanga.

Mama, tulia kidogo kwenye hilo la tatu. Matangani watu ni wengi, na maji yanahitajika mengi na kwa haraka, kwa hiyo huchotwa popote palipo karibu. Chakula hupikwa mapema, kikakaa saa nyingi, kikapakuliwa na mikono mingi. Vijidudu vikiingia katika sufuria moja ya watu mia, wote mia wako hatarini. Na Krismasi, ukiitazama upande wa jikoni, haina tofauti na matanga.

Ugonjwa wa pili: korona

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 6 Aprili serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, na hazikufunguliwa hadi Julai. Krismasi ya mwaka huo watu walisafiri, ingawa kafyu ilianza saa nne usiku. Kisha Juni 2021, kirusi cha aina ya Delta kilipoenea, kaunti 13 za upande wa magharibi, Migori na Homa Bay zikiwemo, ziliwekewa masharti makali: kafyu kuanzia saa moja jioni, mazishi ndani ya saa 72, na waombolezaji wasizidi 50. Kwa jamii iliyozoea kulala matangani siku nyingi, lilikuwa jambo zito.

Korona ilipita hasa katika pumzi. Tulihimizwa sana kunawa mikono, na kunawa ni kuzuri. Lakini baadaye ilieleweka wazi kwamba hatari kubwa ilikuwa hewa ya chumba kilichofungwa: wageni kumi wamelala sebuleni, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, watu wanaimba na kucheka wakiwa wamekaribiana. Kijana angeweza kukohoa siku mbili akapona. Nyanya aliyelala chumba kimoja naye angeweza kuishia hospitalini.

Funzo ni nini?

Kila ugonjwa una mlango wake. Kwa hiyo kabla ya kualika watu, muulize mhudumu wa afya ya jamii au nesi wa zahanati: ugonjwa huu unaingia kwa kinywa au kwa pumzi?

Ukiingia kwa kinywa:
- Maji yote ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.
- Weka mtungi wenye mfereji na sabuni karibu na choo, na mwingine karibu na mahali pa kulia.
- Anayeharisha asipike wala asipakue.
- Chakula kiliwe kingali moto. Kilichokaa kipashwe moto mpaka kichemke.
- Anayehara maji kama yaliyooshewa mchele apewe ORS mara moja, huku akipelekwa hospitalini.

Ukiingia kwa pumzi:
- Kaeni nje, chini ya mwembe au turubai lililo wazi pande zote.
- Usiku fungueni madirisha, na mbu wazuiwe kwa neti.
- Wazee walale chumba chao, mbali na wageni.
- Chanjo ikiwepo, wapate mapema, wiki kadhaa kabla ya sikukuu.

Lililo gumu zaidi ni kumwambia ndugu mgonjwa asije. Tunaogopa kuonekana tunamfukuza. Mpigie simu kabla hajapanda gari, umwambie kwa upole: "Shemeji, pumzika upone kwanza. Sahani yako tutakuletea, na ukipona boma hili ni lako." Kisha kweli mpelekee. Mgonjwa anayepelekewa chakula haoni kwamba ametengwa.

Mwaka 2025 kipindupindu kilirudi tena Migori, kwa hiyo mambo haya si ya zamani tu. Mama, wewe ndiwe mwenye sufuria, mtungi na funguo za nyumba. Daktari hatakuwepo siku ya karamu, bali wewe utakuwepo.

 Mkae salama, na Mungu awajalie sikukuu njema.